Simu Mbili Zinazotafutana

Mwalimu Fortunatus wa Chilangala alifundisha hesabu miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyewahi kumsikia akisema, "Basi, tuliache." Swali likikataa, lilifutwa ubaoni likaanza upya. Yeye mwenyewe mtihani wa kidato cha nne aliufanya mara tatu, na hakuona aibu kulisema hilo mbele ya darasa. Alipostaafu akahamia kwenye mikorosho yake, akawa anabishana na mikorosho.

Mkewe, Rose, alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Binti yao, Anjelina, anaishi Newala mjini na familia yake. Mwalimu akabaki anapika mwenyewe, anafua mwenyewe, na jioni anasikiliza redio huku akiisahihisha Kiswahili.

Ndipo kwaya ya kanisa ilipomtuma Masasi kuchukua majoho kumi na nane kwa Lois, mjane mwenye kibanda cha kushonea karibu na stendi, ambaye watu humwita Mama Edmund. Mwalimu aliyahesabu majoho, yakawa kumi na saba. Lois akayahesabu, yakawa kumi na nane.

"Samahani, unafundisha somo gani, Mwalimu?"

"Hesabu," akajibu kwa sauti ndogo.

Mama Edmund alicheka mpaka mguu ukamtoka kwenye cherehani. Kuanzia siku hiyo Mwalimu akawa na safari nyingi za Masasi ambazo hakuweza kuzieleza vizuri. Suruali zake zilichanika ovyo. Vifungo vya mashati vilidondoka kana kwamba kuna mtu anavikata, na kweli alikuwepo.

Baada ya mwaka mzima wa vifungo, Alhamisi moja ya mwezi wa sita, alipiga moyo konde akamwambia kwamba angependa wazeeke pamoja. Lois hakucheka. Alikunja kitambaa alichokuwa anakikata, akasema, "Nipe mpaka Jumapili. Saa kumi jioni utapata jibu kwenye simu."

Mwalimu alitoka pale kama anayeelea. Hakuuliza nani atampigia nani.

Sasa, simu zenyewe zote mbili zilitoka kwa Abdulazizi, fundi simu wa pale pale stendi. Mwalimu alipolalamika kwamba kila akimpigia katibu wa chama chao cha korosho anaambiwa namba inatumika, Abdulazizi alimwekea programu: ukikuta namba inatumika, simu inapiga tena yenyewe, halafu tena, halafu tena, mpaka mtu apokee. Mwalimu aliipenda kupita kiasi. Hatimaye alikuwa amepata chombo chenye tabia yake. Asilolijua ni kwamba Lois naye aliwekewa ile ile, kwa ajili ya wauza vitambaa wa Mtwara.

Jumapili, saa kumi kasoro dakika moja, Mwalimu alikaa barazani amevaa shati la kanisani, akapiga.

"Namba unayopiga inatumika kwa sasa," ikasema ile sauti ya dada wa mtandao.

"Anaongea na mwanawe," Mwalimu akajisemea. Akaiachia programu ifanye kazi, akaiweka simu juu ya kigoda.

Saa kumi na nusu ilikuwa bado inatumika. Akaenda kuwatupia kuku mahindi, akarudi. Inatumika. Saa kumi na moja simu ilionyesha imeshajaribu mara themanini na sita. Mtoto gani huyo asiyemwachia mama yake apumue? Pengine si mtoto. Kufikia saa kumi na mbili Mwalimu alikuwa amekwisha kumwona waziwazi mwanaume mwenyewe: ana pikapu, ana jino la dhahabu, na anaongea polepole kama mtu asiye na kazi.

Jua lilipozama, simu ikazimika kwa kuishiwa chaji. Mwalimu akaipeleka kwa jirani mwenye sola. Huku nyuma Lois, ambaye alikuwa ameshinda dirishani na simu yake, akaacha kusikia "inatumika" na kuanza kusikia "haipatikani." Akaizima yake.

Jumatatu Mwalimu alipanda gari la kwanza. Njia nzima ya kushuka mlima alipanga maneno makali yenye heshima. Alipofika kibandani hakupata nafasi ya kuyatumia.

"Simama hapo hapo mlangoni," Lois alisema bila kuinua macho. "Ulikuwa unaongea na nani jana kwa saa mbili na nusu mfululizo?"

"Mimi? Wewe ndiye uliyekuwa unaongea! Nimekupigia mara mia mbili na kumi na nne!"

"Unihesabie wewe? Wewe wa majoho kumi na saba?"

"Mama Edmund, mwambie tu huyo mwenye pikapu…"

"Pikapu gani?"

Wauza ndizi wa jirani walikuwa wamekwisha acha biashara. Abdulazizi alisikia kelele, akaja akipangusa mikono.

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Mama. Hebu nipeni simu."

"Marahaba," wakaitika kwa pamoja, kila mmoja amegeukia kwake.

Akaziweka juu ya meza ya cherehani, akazifungua. Kwenye ile ya Mwalimu, kuanzia saa kumi, safu nzima iliandikwa Mama Edmund. Kwenye ile ya Lois, kuanzia saa kumi, safu nzima iliandikwa Mwalimu. Abdulazizi akakaa chini kabisa, kwenye marobota ya vitambaa, akacheka mpaka akashindwa kueleza. Ilibidi Lois aeleze.

"Wewe unanipigia mimi," akasema taratibu, "na mimi nakupigia wewe. Kwa hiyo sote tunatumika."

Mwalimu akaichukua simu yake. "Na ulikuwa unanipigia kusema nini?"

Lois alimtazama Abdulazizi, ambaye alikumbuka ghafla kwamba ameacha kibanda wazi.

"Kwamba ndiyo," akasema. "Lakini kule juu kwenu maji mnanunua kwa ndoo. Mimi na umri huu sibebi ndoo. Jenga tangi la maji ya mvua kwanza."

Mwalimu hakuomba punguzo. Julai yote alichimba, akafyatua matofali, akajenga. Tangi la kwanza lilipasuka. Akalibomoa, akaanza upya, na safari hii akamwita fundi mwashi. Mwezi wa tisa Lois alipanda Chilangala na utepe wake wa kupimia nguo, akalizunguka lile tangi akilipima kiuno na urefu, huku Mwalimu akimfuata nyuma kama mtoto anayesubiri kusahihishiwa daftari.

"Limekaa vizuri," akasema mwishowe. "Sasa mtafute mchungaji."