Vidudu vya Tangi la Mama Njeri

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila nikisikia mtu anaulizia dawa. Jana uliponipigia simu na kuniambia kwamba lile tangi la uduvi nililokupa limejaa vidudu, na kwamba umeshanunua dawa ya minyoo ya ndama kwenye duka la agroveti, siku hiyo ikanirudia yote. Ndiyo maana nikakuomba ungoje nikuandikie. Nisome polepole, na hiyo chupa iweke mbali na maji.

Wakati huo nilikuwa kijana, nimeolewa juzijuzi, wewe hujazaliwa. Tulikuwa tumepanga nyumba hapa mtaa wa Pioneer, mlango wetu ukitazamana na mlango wa Mama Njeri, fundi wa nguo. Alikuwa amekuja Eldoret kutoka upande wa Nyeri akiwa msichana, akaolewa hapa, akafiwa na mumewe hapa. Mimi alinishonea gauni la harusi, na aliponipima kiuno alinitania mpaka nikaona haya. Kwenye chumba cha kushonea, karibu na benchi la wateja, aliweka tangi la kioo lenye uduvi, wale kamba wadogo wa majini, wembamba, unaona mpaka matumbo yao. Marehemu mumewe, aliyekuwa dereva wa lori, ndiye aliyewaleta kutoka ziwani Kisumu kwenye jerikeni, na wakazaana. Watoto wa wateja walikuwa wanabandika pua kwenye kioo, nao mama zao wanapimwa bila usumbufu.

Kisha ukaja ule uchaguzi, matokeo yakatangazwa, na mji ukawaka moto. Mengi ya siku zile utayasikia kwa wengine. Mimi nitakwambia niliyoyaona mlangoni kwangu. Mama Njeri alitoka asubuhi na mfuko mmoja wa nguo, lori likiwa linamngoja barabarani kumpeleka kambini kwenye uwanja wa maonyesho. Akanipa ufunguo wa nyumba yake kupitia juu ya ua.

"Cheruto, niangalizie uduvi," akasema.

Hakuniomba kitu kingine, wala hakunilaumu. Ningependa kama angenilaumu, kwa sababu waliomfukuza walikuwa wanasema lugha yangu, na wengine nilikuwa nawasalimia dukani. Siku hiyohiyo, mimi na baba yako tukalihamisha tangi, maji kwa ndoo, uduvi kwa bakuli, mpaka kwetu. Ilikuwa bahati, maana kesho yake nyumba yake ilivunjwa na cherehani ikaenda.

Nikaanza kuwatunza. Asubuhi nawapa kipande cha mchicha kilichochemshwa, mchana nawapa kiini cha yai, jioni nawamwagia unga kidogo. Nilikuwa siwezi kulala bila kuwapa kitu. Umeme ukipotea na pampu ya hewa ikizima, nilikuwa nakaa hapo nachota maji kwa kikombe na kuyamimina tena ili wapate pumzi. Niliogopa sana kwamba siku moja Mama Njeri atarudi, aulize uduvi wake, na mimi niwe sina hata hicho kimoja cha kumrudishia.

Haukupita muda maji yakaanza kuwa na ukungu. Siku moja nikaona kioo kimejaa minyoo weupe, wembamba, wanajinyonganyonga. Chini kwenye changarawe kulikuwa na vitu vya mviringo vinabingirika, na kwenye maji vidoa vyeupe vinarukaruka. Nikashika kichwa. Nilijua uduvi wameingiwa na ugonjwa na mikononi mwangu watakufa.

Barabara ya kijijini kwetu Ziwa ilipofunguka, mjomba wako Kimutai alikuja kutuletea maziwa. Unamjua mjomba wako, kwake hakuna kiumbe ambacho si ng'ombe. Aliinama mbele ya tangi, akakunja uso.

"Hawa wako na minyoo," akasema. "Niko na dawa kwa begi. Tunaweka kifuniko moja tu, vile tunapea ndama."

Akaitoa chupa, akaitikisa, akaifungua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshasogeza mkono kumfungulia kifuniko cha tangi. Halafu nikakumbuka ufunguo ule juu ya ua, nikamshika kiwiko.

"Ngoja kwanza, niulize mwenyewe."

"Utampigia useme nini?" Kimutai akauliza, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena.

Hapo aligusa penyewe, mwanangu. Tangu lile lori liondoke nilikuwa sijampigia. Namba yake nilikuwa nayo, na hata kadi ya simu, ingawa wakati huo zilikuwa adimu, nilikuwa nimefichiwa moja na mwenye duka. Lakini ningeanza na neno gani? Ningemuuliza umelalaje, na najua analala chini ya turubai? Ningesema pole, kana kwamba amejikwaa? Kila nilipoishika simu nilikuwa naiweka tena chini, na aibu inazidi. Sasa nilikuwa na la kuuliza. Nikapiga, Kimutai amesimama na chupa yake.

"Cheruto? Ni wewe?" Sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa baridi. "Mko wazima?"

"Tuko wazima, Mama. Lakini uduvi wako... kuna minyoo kwa maji. Mingi sana. Naogopa watakufa."

Nikamsikia anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikaanza kulia palepale.

"Hebu wacha kulia uniambie iko aje," akasema. "Ni nyembamba kama uzi?"

"Kama uzi wako wa kushonea. Nyeupe."

"Angalia kichwa. Chukua tochi uangalie vizuri, usiniambie tu haraka haraka. Iko na kichwa kama mshale?"

Kimutai akamulika kwa tochi, tukagongana vichwa pale kwenye kioo. Hakukuwa na mshale. Hakukuwa na kichwa chochote cha kuonekana.

"Basi hiyo haina shida. Ile ya kichwa kama mshale ndiyo ya kuogopa, inateleza kwa kioo polepole, na inakula watoto wa uduvi. Na ingine iko na mikono kama nyuzi imejishika mahali moja, hiyo pia uniambie ukiiona. Sasa hizo zinabingirika chini kama mbegu?"

"Ziko. Na zingine zinaruka kwa maji."

"Hao wote ni wafanyakazi wangu. Wanakula takataka. Niambie, unawapa chakula mara ngapi?"

Nikamwambia. Asubuhi, mchana, jioni.

"Wooi! Uduvi ama wageni wa harusi?" Akacheka tena, kidogo. Halafu akasema polepole sana. "Cheruto, hao uduvi si mimi. Hata uwashibishe namna gani, mimi huku sitashiba. Wape kidogo. Na mimi unipigie simu."

Sijawahi kukemewa vile, wala kabla ya siku ile wala baadaye. Hakupandisha sauti hata kidogo. Nilikaa chini sakafuni na simu sikioni, naona aibu na wakati huohuo naona kifua kimefunguka, na Kimutai akairudisha chupa kwenye mfuko wake. Baadaye mwenye duka la dawa alitwambia kwamba dawa kama ile ingeweza kumaliza kila kilichokuwa hai mle ndani.

Nikafanya alivyoniagiza. Chakula nikakipunguza, kipande kidogo cha mchicha mara moja kwa siku mbili, kikibaki nakitoa. Nikanyonya uchafu wa chini kwa mpira mwembamba, nikaongeza maji ya mvua kidogo kidogo, si kwa mkupuo. Kila jioni nilimpigia kumweleza nilichoona. Minyoo wamepungua. Zile mbegu zimebaki chache. Kuna uduvi ana mayai tumboni. Kambini watu walikuwa wanamzunguka kusikia habari za uduvi, aliniambia hivyo mwenyewe. Na katikati ya habari za uduvi, siku moja ndipo nikaweza kusema pole yangu, na yeye akaweza kuipokea.

Mji ulipotulia alikuja, si kukaa, ni kuchukua vilivyobaki. Dada yake alikuwa amemtafutia chumba Nakuru. Kilichobaki kilikuwa tangi tu. Alipiga magoti mbele ya kioo na kitambaa chake kichwani, akawaona watoto wa uduvi, wadogo kuliko punje ya uwele, wametapakaa kwenye majani, na zile mbegu zake zinabingirika katikati yao. Akaweka kiganja kwenye kioo akalia, nami nikapiga magoti kando yake. Nilimwambia tangi ni lake, alichukue lote.

"Nusu ibaki hapa," akasema. "Tuwe na kitu cha kuulizana."

Akachota nusu kwenye ndoo yenye kifuniko, na konzi ya changarawe pamoja na wafanyakazi wake. Hao ulionao wewe ni wa ile nusu iliyobaki, mwanangu. Na hivyo vidudu unavyotaka kuvimwagia dawa, ni vya mkono wake.

Sasa sikia ninalokuusia. Ukiona kitu usichokijua katika maji yako, usikiue kwanza. Washa tochi, angalia kichwa, ungoje, uangalie tena. Wakiwa wengi kupita kiasi, jiulize wewe mwenyewe umemwaga nini humo cha kuwalisha. Na usikubali kuharakishwa na mtu aliye na chupa mkononi, hata awe mjomba wako anayekupenda. Haya hayaishii kwenye tangi. Uchaguzi mwingine unakaribia, na wenye chupa watapita tena mlangoni mwako wakikuonyesha nani wa kuondolewa.

Ningeweza kukwambia mimi mwenyewe vidudu vyako ni vya aina gani. Lakini nakuandikia namba ya Mama Njeri hapo chini. Amezeeka, sikio moja halisikii vizuri, kwa hivyo sema kwa sauti. Mwambie wewe ni mtoto wa Cheruto na kuna minyoo kwa maji. Akicheka, mwache acheke mpaka amalize.

Mungu akupe macho yanayotazama kabla mkono haujanyanyuka. Akupe jirani wa kukukabidhi ufunguo wake, nawe uwe mtu wa kuurudisha. Mpigie leo.