Mwenyekiti Wetu wa Kisima

Jumamosi nikipita karibu na sekondari ya hapa Misunkumilo, nikasikia vijana wa klabu ya uongozi wakipigiana makofi, namkumbuka mwenyekiti wetu. Nam-miss, kama wanavyosema vijana, na sina neno jingine linalouma sawasawa.

Tulikuwa kidato cha tatu. Klabu ilitutaka tuchague kero moja ya mtaani na kuitatua. Tukachagua kisima: ng'ombe wa wafugaji walikunywa palepale tulipochota maji, na kila kiangazi watu nusura washikane mashati. Mwalimu alitufundisha kusimama wima, kumtazama mtu machoni na kutoa sauti. Mimi kasuku nikakariri yote. Siku ya kikao niliwakazia macho wazee wa Kisukuma, nikawahutubia. Wakakohoa. Mmoja akachukua fimbo yake, akaenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Ndipo mwenyekiti, rafiki yangu, binti wa wafugaji haohao, akapiga magoti. "Mwangaluka, baba," akamsalimia mzee mmoja mmoja, akiuliza habari za mji, za watoto, za ndama. Mwalimu aliangalia saa mpaka akachoka. Lakini yalipotajwa maji, mwenye fimbo alikuwa amesharudi, na ndiye aliyetuonyesha mahali pa kuchimba lambo la ng'ombe.

Kwa hiyo baba yake alipotangaza kuwa wanahamia Mpimbwe kufuata malisho, sikuogopa. Mama yangu alisema, "Aje tu alale na nyie mpaka amalize form four." Ilibaki baba yake akubali. Aliyekiweza kikao kizima angeshindwaje na mzee mmoja?

Tulikwenda wote wawili. Akapiga magoti, akasalimia vizuri. Baba yake alikuwa akikagua kwato za dume, akatuuliza kwa upole, "Mna neno?"

 Nilimwachia mwenzangu aseme, maana nyumbani kwetu mgeni hamtangulii mwenye neno.

"Hapana, baba," akasema mwenzangu. "Tumekuja kusalimia tu."

Nilinuna siku zote zilizobaki. Nilijiambia kumbe hataki kukaa kwetu, nami sibembelezi mtu. Asubuhi ya safari hasira zilinishinda, nikaenda. Nilimkuta anafunga masufuria.

"We uliwaombea watu wote maji," nikamwambia, "ukashindwa kujiombea mwenyewe?"

Akanitazama kwa mshangao.

"Kwetu mtoto hajiombei kwa baba yake. Anaombewa. Mbona nilikuja na wewe?"

 Nikageuka kumtafuta baba yake ili niseme, niseme hata kwa kulia, lakini ng'ombe walishatoka na yeye alikuwa mbele yao, mbali, akipiga mluzi. Rafiki yangu akajitwisha masufuria yake. Nilimsaidia kuyaweka sawa kichwani.