Kitambaa cha Marhoon na Miti Mitano ya Wattaya

Jua la Wattaya, mtaa wa Muscat, halijapanda vizuri, na Marhoon bin Sinan (58) tayari ameegesha boza lake la maji nyuma ya maduka ya magari. Mpira kaushika, lakini hamwagilii. Anautazama mti wa ghaf, mti wa jangwani, uliofungwa kitambaa cha rangi ya chungwa.

"Nikifungue au nikiache?" anauliza. "Nimekifunga mwenyewe, na sijui."

Miti ilikuwa mitano. Umebaki huu.

Marhoon alizaliwa Unguja, akaletwa Muscat angali mdogo. Mwaka wa kumi na tisa sasa anamwagilia miti ya barabarani, kwa riali 370 kwa mwezi. Hii mitano aliikuta. Joto likifika nyuzi 48, wafagiaji wote hukimbilia kivulini mwake. Wadi, mkondo wa mvua ulio jirani, ulipofurika, mizizi yake ndiyo iliyoshika ukingo. Ukuta waliojenga wakubwa ulikwenda na maji.

Halafu zikaja habari za kupanua maegesho. Mwenzake wa kazi, Sunil, mkata nyasi kutoka Sri Lanka, akamsimulia ya kwao. Mvua zilipoanza kuvurugika, watawa wa Kibuddha walipanda msitu kuzunguka makao yao, wakakinga maji ya mvua mapaani, na miti mikubwa wakaivisha joho lao la rangi ya chungwa. Mti ukishavishwa huhesabiwa mtawa. Nani atautia msumeno?

"Nikamwambia, Sunil, mimi Mwislamu, siabudu mti. Akanambia, 'Ami Marhoon, nani kakwambia uuabudu? Uonee haya tu.'"

Marhoon akanunua kitambaa, akaifunga yote mitano. Dada yake, Nasriya, anayekaa naye, alimcheka. "Miti ina nguo mpya, kaka, na mie Idi ya pili hii nnavaa kanzu ileile."

Wiki tatu zilizopita wakaja wakataji na karatasi: ikatwe yenye alama. Wakaona vitambaa. Kufika adhuhuri minne iko chini. Wa tano ulisalimika kwa kuwa msumeno uliishiwa mafuta, na hawajarudi.

Marhoon akaenda ofisi ya manispaa. Ofisa wa kwanza akamwambia alama ya kukata ni nyekundu. Wa pili, ya chungwa. Wa tatu akamuuliza miti gani, maana kwenye ramani yake pale hapana mti. Ndivyo tunavyoendeshwa: anayekata hajui, aliyemtuma hajui, na kiyoyozi kinapuliza.

"Mpaka leo sijui," anasema Marhoon. "Nimeiua mimi, au ilikuwa ishakufa kwenye karatasi?"

Sunil anakumbuka jambo. "Watawa miti yao imo ndani ya ukuta wao," anasema. "Hii yenu ya nani, ami?"

Swali hilo limemkaa Marhoon. Kaokota maganda ya ule mti uliobaki, kaotesha mbegu ndani ya makopo ya maziwa. Miche kumi na tisa imechipua. Anataka kuipanda uwanjani mwa msikiti wa mtaani kwao, ambako maji ya udhu humwagika bure kila siku.

Kitambaa kakiacha palepale. Anafungulia maji, anaulowesha mti taratibu.

"Imamu kasema niilete Ijumaa. Nikamuuliza, ruhusa ya nani? Kasema, 'Yangu haikutoshi?'" Anatikisa kichwa. "Sijapata kujibiwa hivyo maisha yangu. Sasa nnaogopa kuna karatasi imesahauliwa."