Yule Mdogo Hataki Kula

Juzi binti yangu alinisogezea simu usoni nimtazame kijana mmoja wa ng'ambo akimlisha nyoka mchanga. Sanduku la kioo, taa, kibanio cha chuma, na kipanya kilichotoka kwenye friji. Nyoka anageuza kichwa, kijana anamsukumia, nyoka anageuza tena. Nikajikuta naikemea simu: "Usimharakishe! Hatakula hivyo!" Binti yangu akanikodolea macho, maana mimi ni mtu wa kuruka nikiona jongoo. Ikabidi nimweleze. Na wewe rafiki yangu, kwa kuwa umeshakaa, sikiliza.

Tulikuwa tunaishi kota za polisi, Naguru, kwenye vile vibanda vya bati vya mviringo ambavyo mchana vilituchemsha kama mihogo. Askari alikuwa mama. Mwaka ule alipelekwa Somalia na kikosi cha kulinda amani, na bibi, mama yake mama, akahama kwao Kisenyi aje kukaa nami. Bibi alikuwa mtu wa udi na kanga zilizopigwa pasi, na Kiswahili chake kilitoka kwa wazee wa pwani waliofika na biashara zao wakalowea huku huku. Kota ilimpigia kelele tangu alfajiri: parapanda, redio za Kiacholi na Kilugbara, masufuria ya posho, ugali wetu wa kota, yakisuguliwa kwa mchanga. Alivumilia yote. Alichoshindwa ni debe langu.

Nilikuwa nimekwenda kumwaga jivu nyuma ya kota, nikafukua mayai marefu, laini, yaliyobonyea kidogo. Nikayalaza kwenye debe la mafuta ya kupikia, juu ya maranda ya mbao. Mengi yaliharibika, lakini mawili yakaanguliwa, na wakatoka nyoka wa kahawia, wembamba kama penseli. Mwalimu wa sayansi alisema ni nyoka wa majumbani, hawana sumu, na wakikua watatumalizia panya. Bibi hakutaka kusikia. Jina la nyoka lenyewe alilitamka mchana tu. Jua likizama, kwake walikuwa kamba, kwa sababu ukimtaja usiku unamwita. "Kamba zako umezifunika?" aliniuliza kila jioni, akiwa amegeukia ukuta.

Kulisha kunataka mkono uliotulia, na mimi sikuwa na kiungo kilichotulia. Nilikuwa nasimama, nakaa, nachungulia barabarani, nafungua mlango ambao nimetoka kuufunga. Mama alikuwa anapiga simu Ijumaa, na Ijumaa nyingine zilipita bila simu. Nadhani ndipo nilipojiwekea sharti langu la kijinga, ambalo sikumwambia mtu: nyoka wakila, mama ni mzima, wakikataa, kuna jambo.

Kwa hiyo siku ya kuwalisha niliamka kabla ya parapanda. Nilikuwa naokota vitoto vya panya chini ya gunia la maharagwe, vyekundu, macho bado hayajafunguka, nakibana kimoja kwa njiti mbili za ufagio na kukishusha polepole. Ukitikisika, nyoka anarudi nyuma. Ukitulia, anatoa ulimi, anasita, kisha anadaka ghafla hadi unaruka mwenyewe. Taya linapanuka, kitoto kinazama, na uvimbe unateremka mwilini mwake. Hapo ndipo nilipokuwa napumua.

Kisha yule mdogo kati ya wale wawili akagoma. Nikambembeleza kwa mjusi, akakataa. Nikampa kitoto cha panya, akajikunja pembeni. Macho yake yakaanza kuwa meupe meupe, kama maji yaliyooshewa mchele, nikajua anakufa. Ijumaa ile simu haikulia. Redio ikataja mlipuko huko Mogadishu, haikutaja majina.

Katikati ya hayo jirani yetu, mke wa koplo, akachungulia dirishani na kuliona debe likiwa wazi. Kelele zake zilisikika kota nzima: "Hajati! Nyoka kwa nyumba ya serikali? Mimi nitalipoti!" Siku nyingine ningemwigiza, maana watoto wote tulikuwa tunamwigiza ile "nitalipoti" yake. Siku ile sikuwa na hamu.

Sasa, kota ilikuwa na jambo moja ambalo hata mtoto mchanga alilijua. Habari mbaya ililetwa na afande mkubwa mwenyewe, kwa miguu, akielekea mlango mmoja bila kusalimia mingine. Jioni ile nilikuwa nje na bibi, nguo zetu bado kwenye kamba, adhana ya magharibi imekwisha, nikamwona afande mkubwa wa kota anapita mlango wa kwanza, wa pili, anakuja kwetu. Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo wakaviacha majini. Nikamshika bibi kanga.

"Jambo, mama," akasema.

"Jambo, afande. Karibu." Bibi akajifunga kanga upya.

"Mimi nasikia wewe nafuga nyoka hapa."

Bibi akatazama mbinguni, akahakikisha jua limezama. Hakuwa mtu wa kusema uongo, na jina lile hakuweza kulitia mdomoni saa ile. "Afande, hapa hakuna kitu cha jina hilo. Kuna kamba mbili tu, za mtoto."

Afande alikuwa mtu wa Gulu, hakujua adabu zetu za jioni. Uso ukamchangamka. "Kamba iko? Mungu mkubwa! Gunia yangu ya makaa nataka anguka kwa boda. Letea mimi moja."

Laiti ungemwona bibi yangu. Aliutazama mlango wetu, kisha kamba ya nguo. Halafu akachukua kisu cha mboga, akakata kamba ya nguo, na nguo zote mbichi, na sare yangu ya shule, zikaanguka matopeni. "Chukua hii, afande. Zile za mtoto bado changa." Afande akashukuru sana, akasema watu wa kota naongea mingi, akaenda zake kufunga gunia.

Nikacheka hadi mbavu zikaniuma. Nilipogeuka, bibi alikuwa ameketi chini katikati ya nguo, mabega yanamtetemeka, nikadhani naye anacheka. Alikuwa analia. "Nilidhani ameniletea habari za mwanangu," akasema. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kuwa sukari aliyokuwa akiifuata hadi Kisenyi, ingawa duka lilikuwa mlangoni petu, ilikuwa kisingizio cha kumuuliza Msomali mwenye duka kama kwao kumetulia.

Akajifuta uso kwa kanga. Akatazama mlango, akanitazama.

"Yule mdogo," akauliza, "amekula?"

Sikuwa nimemwambia sharti langu. Kumbe alikuwa amelibaini.

"Bado, bibi."

"Haya, lete tochi."

Akachuchumaa kando ya debe ambalo hakuwahi kulisogelea, kanga ameibana puani, akamulika. Yule mdogo alikuwa anavua ngozi, inamtoka kuanzia mdomoni kama soksi. Macho yalikuwa meusi, safi; kumbe weupe ule ulikuwa wa ngozi kuukuu. Hakula jioni ile. Mama alipiga simu siku mbili baadaye, akalalamikia mtandao na kuuliza kama nimeoga, na nyoka alikuwa bado hajaonja kitu. Sharti langu likavunjika mbele yetu wote wawili, lakini hakuna aliyeliacha. Tukaendelea kuwalisha pamoja, mimi na njiti, yeye na tochi na bismillahi.

Mama alirudi salama. Nyoka walipokua tuliwaachia kichakani bondeni. Vibanda vimebomolewa, na bibi tulimzika kwa udi wake. Siku hizi nikishikwa na wasiwasi watu hunishika bega, wananiambia nitulie, yataisha. Bibi hakuniambia hivyo hata mara moja. Alikuwa anakuja kuchuchumaa kando yangu, anamwogopa nyoka, anaiogopa simu, haendi popote. Sijapata tena mtu wa kungoja naye.