Pampu Iliyopokelewa Mlali

Nilitumwa Mlali kuiona pampu ya maji. Kwenye makaratasi ya chuo kimoja cha umma, ambacho sitakitaja, pampu hiyo ilikwisha kununuliwa, ikapokelewa na kulipiwa. Kazi yangu ni kukagua manunuzi ya serikali, na bosi wangu husema karatasi haitoi maji.

Asubuhi tuliondoka Dodoma, mimi na dereva Hamisi, mtoto wa mjini anayelalamikia vumbi kabla hajaliona. Chamwino, nilikozaliwa, tulipita bila kusimama. Mbande tukaiacha barabara kuu. Mvua zilikatika mapema mwaka ule. Mahindi yalikauka yakiwa mafupi, na wenyewe walishaingiza mbuzi mashambani. Baada ya Kongwa, karibu kila punda tuliyempita alibeba madumu ya maji.

Mlali tulifika jua likiwa utosini. Nje ya mabweni ya tawi la chuo, wasichana walipanga ndoo nyuma ya mkokoteni wa punda, wakinunua maji. Nikajua tayari.

Mtunza ghala, Mzee Ndahani, alitupokea getini kwa salamu ya Kigogo.

"Mbukwa, mwanangu."

"Mbukwa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mmekuja kuangalia pampu."

Alichukua ufunguo, akatupeleka kwenye kibanda cha tofali kando ya kisima. Ndani, sakafu ya zege ilikuwa imefagiliwa. Bolti za kufungia pampu zilichomoza kwenye zege, juu yake hakuna kitu.

"Iko wapi, mzee?"

"Haijaja."

"Na ulisaini kwamba umeipokea."

"Mwaka wa fedha ulikuwa unakwisha, mwanangu. Mkuu wa manunuzi akapiga simu toka makao makuu ya chuo: mzee, saini, la sivyo hela inarudi Hazina na watoto wanakosa maji. Mzabuni yuko njiani. Kila mwaka tunasaini hivyo, na vitu vinakuja. Hii ndiyo haikuja."

Asiyezijua ofisi zetu ataona huo ni wazimu. Mimi sikushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililonikasirisha.

"Alikuandikia popote?"

"Mkubwa haandiki. Anapiga simu." Akafunga kufuli. "Nastaafu mwaka huu. Mafao yangu yatakuwaje?"

Nikamwandikia namba yangu ya simu kwenye kipande cha karatasi.

Nyumbani kwake, nyuma ya ghala, mkewe alikuwa ametuandalia ugali wa uwele na mlenda. Taratibu zetu zinakataza kula kwa mtu tunayemkagua. Mlenda huo ndio ulionikuza, na kwetu ukikataa chakula cha mtu umekataa na salamu yake. Mzee alikwisha kumimina maji ya kunawa kwenye beseni.

"Tumeshiba, mzee," nikasema.

Aliniangalia. Kisha akayarudisha yale maji kwenye ndoo, polepole, asimwage hata tone.

Jioni tulirudi. Hamisi hakulalamikia vumbi.

"Dada, yule mzee si mwizi," alisema tulipokaribia Mbande.

"Najua."

"Sasa utaandika nini?"

"Nilichokiona."

Ofisini niliandika kwamba mtunza ghala alithibitisha kupokea mali isiyokuwepo. Habari ya simu niliiandika pia, ila mkuu wa manunuzi aliikana, na mzee hakuwa na shahidi. Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mimi niliuona ukikata upande mmoja tu. Mzee Ndahani alisimamishwa kazi, mafao yake yakazuiwa. Mzabuni hapatikani. Mkuu wa manunuzi amehamishiwa chuo kingine, kikubwa zaidi. Ripoti yangu ilisifiwa kwa ufupi wake.

Nilikuwa nikiamini kwamba mkaguzi akisema kweli, kweli itamfikia mwenye kosa. Safari ile ilinifundisha kwamba kweli huishia kwa aliyeweka sahihi.

Juni iliyofuata nilipigiwa simu na mwanamke nisiyemjua. Alisema ndiye mtunza ghala mpya wa Mlali, namba yangu amepewa na Mzee Ndahani.

"Dada, samahani. Wananiambia nisaini pampu, eti iko njiani. Nifanyeje?"

"Usisaini."

Nikasikia ndoo zikigongana huko nyuma yake, na wasichana wakiitana kwenye foleni.

"Nisiposaini wataniondoa," akasema. "Kwenu huko kuna kazi?"