Tarumbeta la Kinyozi

Kabla hajanioa, mume wangu aliniambia jambo ambalo wanaume wengi hulificha mpaka ndoa imeshaota mizizi. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la kibanda chake cha kunyolea, hakuna mteja, tarumbeta lake liko mapajani. Akasema, "Babu alimpiga bibi. Baba alimpiga mama mpaka sikio moja likaziba. Mkono huu nimeurithi, naujua. Ukianza kuniwasha nachukua hili, natoka nje, napuliza mpaka utulie."

Mimi tangu utotoni mdomo wangu hauna breki. Nikamuuliza, "Na tarumbeta likiharibika?"

"Basi unikimbie," akasema, wala hakucheka.

Nikaolewa naye hivyo hivyo, macho wazi. Nilijiambia mtu anayekuonyesha shimo kabla hujatumbukia ni afadhali kuliko anayelifunika kwa mkeka. Na kwa miaka tisa alitimiza neno lake. Tukigombana, na mimi nikigombana simwachi mtu apumue, unamwona anakaza taya, anaangalia ukuta, halafu huyo, tarumbeta kwapani, nyuma ya nyumba. Siku moja alishanyanyua kigoda juu kabisa. Akakishusha polepole, akatoka, akapuliza mpaka jirani akammwagia maji ya kufulia. Akarudi amelowa, ametulia, akauliza kama chakula kipo. Wenzangu waliniambia nina bahati ya mume mpole. Mpole wapi, nilikuwa naokolewa na kipande cha shaba.

Bendi aliianzisha kaka yangu. Kaka ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha, na mtaa mzima wanamwita Mwalimu kwa sababu alijifunza kusoma noti kwenye kitabu kilichooza nusu, peke yake, bila mtu wa kumwelekeza. Alikusanya vyombo vibovu, vingine vya kuombwa, akaviziba matundu kwa mikono yake, akatafuta watu. Hakuna aliyelipwa wala aliyelipa. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi jioni tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima tumebanwa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu. Mimi nilishona sare, maana ni fundi cherehani. Bwana Tairi, anayeziba pancha barabarani, alipiga ngoma kubwa iliyokaa kwenye kigari cha magurudumu. Karani mmoja wa ofisi ya maji alishika tarumbeta la pili, na huyo alikuja akijisikia.

Kaka alitufundisha kwa moyo wote, na alitufundisha kwa ukali wa kuogopesha. Alikuwa na ufito wa chuma, ule wa kuchomelea, anahesabia nao mapigo kwenye ubao. Ukikosea mara ya kwanza anakutazama. Mara ya pili ufito unapita karibu na sikio lako, unausikia upepo wake. Alikuwa na sheria moja tu, na aliirudia mpaka tukaiota, kwamba kilichoandikwa ndicho kinachopigwa, sikio lako liache nyumbani. Karani alikuwa na sikio zuri na akili ya kujua analo. Alhamisi moja akabadilisha noti mbili, akasema zinapendeza zaidi hivyo. Kaka alimchapa vidole vilivyokuwa juu ya tarumbeta, pa, pa, kila noti kidole chake. Kimoja kilivunjika. Karani akaondoka akilia kama mtoto na hatukumwona tena, tukabaki na tarumbeta moja, la mume wangu.

Mtu atauliza kwa nini tulivumilia. Hata mimi najiuliza. Ila kuna jioni tulipatana, ngoma na tarumbeta na kila mtu mahali pake, na Bwana Tairi na mikono yake ya grisi anafuta macho, na kaka amesimama mbele, ufito ameushusha. Basi kesho yake wote mnarudi. Na mimi kaka ndiye aliyenilea. Wazazi walipoondoka alikuwa na miaka kumi na sita, akampiga mjomba aliyetaka kuniozesha mapema, akampiga na tofali, na toka siku hiyo hakuna aliyenigusa. Siku ya harusi yangu alimshika mume wangu bega akamwambia mbele ya watu, "Shemeji, ukimwekea huyu mkono, nitakuvunja." Watu wakacheka. Mume wangu akaitikia tu, "Nimesikia, shemeji."

Baada ya kidole cha Karani, mume wangu alimfuata kaka karakana. Alimwambia, "Shemeji, watu wanakuja kwa hiari yao. Huwezi kuwapiga."

"Wewe unataka kunifundisha adabu kwenye bendi yangu?"

"Nataka bendi ibaki."

Wakaachana wamekunjiana uso. Wiki iliyofuata tukaalikwa kupiga hospitali, wodi mpya ya watoto inafunguliwa, na nesi mmoja wa pale angepiga kinanda pamoja nasi. Wimbo mmoja ungekuwa wa tarumbeta na kinanda peke yao. Kaka alichukua kitabu cha Nesi akanakili sehemu ya tarumbeta kwa kalamu, akiwa bado na hasira zake, akampa mume wangu karatasi bila hata salamu.

Sasa hapa lazima nieleze, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Tarumbeta kama lile hulia hatua moja chini ya noti iliyoandikwa. Ukitaka lipatane na kinanda, noti zake unaziandika hatua moja juu. Kaka alilijua hilo kuliko jina lake. Ila siku ile, kwa hasira, alinakili zilivyo. Na kwa kuwa Nesi alikuwa zamu kila jioni ya mazoezi, mume wangu aliufanyia wimbo mazoezi peke yake wiki mbili, ukatoka mtamu kabisa, hakuna aliyejua.

Siku yenyewe viti vimejaa uani pa hospitali, wazazi wameshika watoto, daktari mkuu amekaa mbele. Nesi akaanza. Mume wangu akafumba macho, akaingia. Jamani, nimesikia paka wakipigana juu ya bati, lakini ile. Kinanda huku, tarumbeta kule, kila noti inang'ata mwenzake. Watu wakaanza kutazamana, mtoto mmoja akalia. Nesi akasita. Mume wangu akaendelea, maana kilichoandikwa ndicho kinachopigwa, na yeye ndiye pekee aliyekuwa anaitii sheria ile kwa moyo wake wote.

Kaka alivuka uwanja kwa hatua nne. Akaupiga kofi mdomo wa mbele wa tarumbeta, kwa nguvu zake zote, mkono wa fundi chuma, mume wangu akiwa bado anapuliza.

Shaba yote ilimwingia kinywani. Nilisikia meno yakivunjika, na nilikuwa kiti cha tatu. Aliangukia magoti, mikono imeshika mdomo, damu inapita kati ya vidole inadondokea sare niliyoishona mwenyewe. Kaka amemsimamia anafoka, "Umenifanyia makusudi. Umenilipizia Karani mbele ya watu." Akampiga teke la ubavu. Bwana Tairi akaiacha ngoma, akamtandika kaka kichwani kwa rungu la kupigia, kaka akageuka akamkamata shingo, wakaangukia kile kigari cha ngoma kikavunjika vipande. Viti vikaruka. Mimi sikwenda kuamua. Nilimrukia kaka yangu mgongoni nikamuuma sikio, na ningelitoa lile sikio kama walinzi hawakunivuta.

Ilipotulia, Nesi akaichukua karatasi ya mume wangu akaiweka pamoja na kitabu chake juu ya kinanda. Akazilinganisha noti kwa kidole. Kisha akamwambia kaka, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, hii umeinakili bila kupandisha. Yeye amepiga ulichoandika." Kaka akatazama. Damu inamtiririka sikioni na hajifuti. Akaondoka.

Mume wangu alipoteza meno mawili ya juu ya mbele, na mdomo ukashonwa nyuzi saba. Polisi walipouliza alisema ameteleza. Akawekewa meno ya bandia, akangoja kovu likauke, akalichukua tarumbeta. Hewa ikatoka pembeni, fyuu, kama gurudumu lenye pancha. Akajaribu kesho yake, na keshokutwa yake, mwezi mzima akajaribu, mpaka kovu likapasuka tena. Siku moja akalirudisha kwenye mkoba wake akalisukuma chini ya kitanda.

Nikaanza kuogopa. Naapa, mimi ambaye siogopi mtu, nilianza kutembea nyumbani kwangu kwa vidole. Kwanza kilivunjika kikombe, kikapigwa ukutani kwa sababu chai imepoa. Halafu mlango wa kabati. Kibandani alimkata mteja shavu, mteja alipolalamika akamtoa nje kwa kola. Kila jioni namwona anakaza taya, anaangalia ukuta, mkono unatafuta kitu kwapani na hakipo. Nikajifunza kunyamaza. Lakini mdomo wangu nao ni wa kurithi, na jioni moja aliporusha shati nililomaliza kumshonea, nikamwambia, "Kama umeacha kuwa mwanamume kwa sababu ya meno mawili, niambie nijue."

Alinipiga ngumi ya jicho. Sikuiona ikija. Niliangukia cherehani, nikasikia ya pili mbavuni. Mkono wangu ukakutana na pasi ya mkaa, baridi, bahati yake, nikamtwanga nayo begani mpaka nikasikia mfupa. Akakaa chini. Alitazama ngumi yake kama kitu alichokiokota njiani.

"Toka," akasema. "Toka sasa hivi, mke wangu. Sijamaliza."

Nilifunga nguo zangu kwenye begi nikatoka. Sikwenda kushtaki, nilikwenda karakana kwa kaka, ambaye sikuwa nimesema naye tangu siku ya hospitali. Alikuwa anakata chuma. Akanyanyua miwani, akaliona jicho langu, na kabla sijafungua kinywa alishachukua nondo.

"Kaa chini," nikamwambia.

"Nilimwonya siku ya harusi."

"Kaa chini, kaka. Ngumi hii umeitoa wewe."

Nikamweleza yote, ya babu na baba wa mume wangu, ya sikio la mama mkwe, ya kigoda kilichoshushwa, ya miaka tisa. Nilimwambia, "Mimi nilikuwa na ukuta mmoja tu. Ukaupiga kofi." Alisikiliza ameshika nondo mikono miwili. Akaiweka nondo chini. Nikangoja aombe msamaha, hakuomba, sidhani anajua maneno yake. Akaingia ndani akatoka na ile ngoma kubwa, imelala pale tangu vurugu, kigari chake kimekufa. Akaikumbatia akaanza kutembea. Nikamfuata na begi langu.

Mume wangu alimwona mlangoni akasimama. Nadhani alijua amekuja kuvunjwa, na hakurudi nyuma. Kaka akamtupia rungu la kupigia, akaegemea ukuta, akaibana ngoma tumboni kwa mikono yote miwili.

"Piga."

"Nipige nini?" Kwa yale meno maneno yalikuwa yanamponyoka.

"Sijaandika kitu."

Akagusa mara moja, kidogo. Akagusa tena. Kisha mkono wa lile bega nililomvunja kwa pasi akauachia, akahamishia rungu mkono wa pili, akaanza kupiga hasa. Hakuna mdundo wala hesabu. Plasta ilidondoka nyuma ya mgongo wa kaka. Kila pigo linamsukuma ukutani, linamtoa pumzi, na yeye anasogea mbele tena kulipokea lingine. Rungu likakosea ngozi likampata vidole. Kaka akafumba macho, hakuachia. Likampata tena. Majirani walitoka, wakadhani watu wanauana, na mimi nikawaambia warudi majumbani mwao.

Iliendelea mpaka ngozi ikachanika. Mume wangu akakaa sakafuni analia mdomo wazi, meno ya bandia mkononi, na kaka akakaa kando yake, vidole vinavuja damu.

Imefika wiki ya saba. Ngozi imebadilishwa mara mbili, kaka anakwenda pale kila siku akitoka kazini, na nimesikia Bwana Tairi naye ameanza kupita. Mimi nakaa kwa Nesi, cherehani yangu nimeihamishia kwake. Mume wangu ametuma salamu, nimezipokea. Kaka hupitia hapa akirudi, anakaa kizingitini, vidole vimefungwa bandeji, ananiuliza kama nitarudi nyumbani.

Namwambia ashike ngoma.