Dawa Ambayo Bi Zuhura Hakuinywa

Jamani, mgonjwa wangu amepona, na chupa ya dawa ameirudisha imejaa!

Mimi ni dresa, nafunga vidonda zahanati ya Ndia Kuu.

Juma lililopita Bi Zuhura alikuja akasema, "Mwanangu, nina kitu kifuani."

Nikamwekea mpira wa kusikilizia, nikanyamaza.

Kumbe yeye akadhani namsikiliza maneno!

Akanimwagia habari za mke mwenziwe, tangu siku ya arusi mpaka sukari hii ya mgawo wa vita wanayoigombania jikoni. Niliona haya kumkatiza. Mwisho nikampa dawa ya kikohozi.

Leo karudi, uso umekunjuka.

"Bibi, mbona hukuinywa?"

"Ya nini? Si ulishanitibu?"

Nami kesho natakiwa kuwajibu wakubwa wangu kama nitahamia chumba cha kuchanganya dawa. Asubuhi nilikuwa nimeshakubali moyoni. Sasa sijui hata nimesomea nini.

Mara Bi Zuhura akamvuta ndani mwanamke aliyevaa buibui.

"Huyu ndiye mwenzangu. Naye ana kitu kifuani."

Wallahi nilitaka kukimbia.

Nikavuta kiti, nikakaa. Mpira nimeuacha ukining'inia ukutani.

Hebu nambieni: kazi hii yaitwaje?